Baada ya Basi Kurudi Mbarara

Katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, kuna nchi ya vilima vikavu na mashamba ya migomba inayolizunguka ziwa Nakivale. Na katika nchi hiyo yaliwekwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, makazi ya wakimbizi ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa yaliyo makongwe kupita yote barani Afrika. Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walikuwa katika wageni wake wa mwanzo. Baada yao, kundi kwa kundi, wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani, hata sasa idadi yao imepita laki mbili, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 180 lililogawanywa kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Mtu akisimama sokoni husikia lugha nyingi kabla hajamaliza kununua fungu la nyanya, ila lugha itakayompatanisha bei na muuzaji, awe Mkongo au Mrundi, aghalabu ni Kiswahili.

Mji wa Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ni jirani wa makazi hayo. Aondokaye alfajiri aweza kufanya kazi yake Nakivale mchana na kulala kwake Mbarara usiku. Mto Rwizi, unaokatiza mji na kuupatia maji ya mabomba, huendelea upande wa mashariki mpaka katika mfuatano wa maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale. Kwa sababu ya ujirani huo, na kwa kuwa Mbarara ni mji wa vyuo, wanafunzi hawakomi kwenda makazini kwa kujitolea, hawa wakipima watoto, hawa wakipanda miti, hawa wakigawa sabuni na nguo walizochangisha mabwenini. Huenda kwa basi la kukodi wakiimba njia nzima, hufanya kazi kwa bidii mpaka jua linapopinda, hupiga picha ya pamoja, hurudi. Siidharau safari ya namna hiyo, maana kijana aliyekwisha kunawa mikono katika beseni moja na mkimbizi hawezi tena kusadiki kila uzushi unaosemwa juu ya wakimbizi, na hilo peke yake ni faida. Ila lililo muhimu zaidi, na ambalo wenye kupanga safari hizi hawalitazami sana, ni hali ya mwanafunzi yule mwezi wa tatu, na mwaka wa tatu, baada ya basi kurudi Mbarara.

Wengi hudhani kwamba kitakachomfanya aendelee kuhudumu ni ukubwa wa majonzi aliyoyaona, na kwa dhana hiyo humchagulia ya kumliza: hema lililochanika, mtoto aliyekonda, ajuza asiye na jamaa. Mimi siamini hivyo. Majonzi hupungua kwa kadiri ya umbali na siku. Mitihani huja, ada hudaiwa, mapenzi na ndoto za kazi hujaza moyo wa kijana kama ilivyo haki yao kuujaza, na picha zilizokuwa za mwanzo katika simu husukumwa chini na nyingine mpya, mpaka siku moja mtu ajikute akiieleza Nakivale kwa wenzake kama mahali alipopata kufika, basi. Niaminivyo mimi, safari huzaa utumishi wa kudumu pale tu mwanafunzi anapoondoka huku nyuma yake kuna mtu anayemdai: mtu mwenye jina na nyumba, aliyempa kazi mahususi, na ambaye atajua, kazi isipofanywa, kwamba haikufanywa.

Mtu huyo hatafutwi kwa tochi, kwa kuwa mwanafunzi hafiki mahali palipokosa huduma mpaka yeye alipotokea. Hufika mahali ambapo watu wanahudumiana tangu kabla hajazaliwa. Nchi nzima ya Uganda kuna wajumbe wa afya wa vijiji, wajulikanao kwa herufi VHT, ambao mpango wao uliwekwa na serikali mwaka 2001, na Nakivale wengi wa wajumbe hao ni wakimbizi wenyewe, watu wa kujitolea wanaotembea nyumba kwa nyumba kwa posho isiyostahili hata kuitwa ujira. Nilipata kumwona mmoja wao huko Juru, mama wa Kikongo wa makamo, akiwa na mwanafunzi wa uganga aliyetoka Mbarara pamoja na wenzake kupima watoto kwa ile tepu ya rangi tatu inayozungushwa mkononi. Tepu hiyo ni kitu chepesi, lakini hukumu yake ni nzito: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake haufiki sentimita 11.5 yuko katika nyekundu, na maisha yake yamo hatarini. Kutoka hapo mpaka 12.5 yuko katika manjano. Kuzidi hapo ni kijani. Kijana aliivuta tepu, akaisoma, akatangaza manjano. Yule mama hakusema neno mbele ya mzazi. Alichuchumaa, akaukunja mkono wa kushoto wa mtoto, akatafuta kwa kidole nusu ya safari baina ya bega na kiwiko, akaunyoosha mkono ukalegea, kisha akaizungusha tepu upya kwa namna ambayo iligusa ngozi pasipo kuibana. Ilikuwa kijani. "Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini walipokwisha kutoka uani, "mkono wa mtoto haunyongwi." Kijana aliitika, "Nimeelewa, Mama," na nyumba zote zilizofuata alimtanguliza yeye, akamtazama, ndipo akapima.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hapo ndipo ilipogeuka safari ya kijana yule, zaidi kuliko pale alipokabidhi sabuni. Alikuwa amekuja kama mtoaji akajikuta mwanafunzi, na aliyemfundisha alikuwa mwanamke ambaye katika orodha za misaada huandikwa kuwa mhitaji. Kwetu twasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na ubaya wa safari nyingi za kujitolea ni kwamba mgeni hufika na jembe lake mwenyewe siku ya kwanza, akalima pale apendapo, akaondoka kabla mwenye shamba hajapata nafasi ya kumwonyesha mpaka. Wenyeji wakipewa mamlaka ya kugawa jembe, yaani wao ndio waseme ni kazi gani, wapi, na chini ya nani, mambo mawili hutokea pamoja: kazi huwa na maana, na mgeni huwa na mkubwa wa kumjibu.

Haya hayakuanza leo kufikiriwa. Mwaka 1968, katika mji wa Cuernavaca, Ivan Illich, ambaye wakati huo alikuwa padri, aliwaambia uso kwa uso wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakienda Mexico kujitolea kwamba nia yao njema haitoshi, na kwamba afadhali waje kutazama na kujifunza kuliko kuja kusaidia watu wasioijua hata lugha yao. Maneno yake yalikuwa makali, na katika mengi alisema kweli. Mtu aliyevuka bahari kwa majuma mawili, asiyeweza kuulizia choo kwa lugha ya wenyeji, ni mzigo juu ya mzigo. Lakini hoja ya Illich ilikuwa juu ya wageni wa mbali, na mwanafunzi wa Mbarara si mgeni wa mbali. Yeye hupanda matatu akafika. Huyajua maradhi ya nchi hii, huijua bei ya unga, na dhambi zetu watu wa Afrika ya Mashariki zilizowafanya watu wale kukimbia makwao ni dhambi za nyumbani kwake pia. Wala pasisahauliwe kwamba Mbarara yenyewe ilionja vita: mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia kupambana na utawala wa Idi Amin, sehemu kubwa ya mji ule ilibomolewa, na wapo wazee mjini wanaokumbuka walikolala siku zile. Udhuru wa umbali, basi, Mbarara hauna.

Tena Uganda ina urathi wake katika elimu ya utumishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Makerere ilianza kuwapeleka wanafunzi wake wa uganga Kasangati, kituo cha afya cha mashambani nje ya Kampala, wajifunze maradhi ndani ya nyumba za watu; na huko alifanya kazi Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa daktari katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipofunguliwa mwaka 1989, kikiwa chuo kikuu cha pili cha umma nchini, kilianza na skuli ya uganga, na tangu mwanzo kilishika kanuni kwamba mwanafunzi akae kwa majuma kadhaa katika vituo vya afya vya vijijini, akiishi karibu na watu anaowatibu, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yake. Kanuni hiyo naiheshimu mno. Maadamu huduma imeingia katika ratiba, mwanafunzi mvivu huifanya na mwenye bidii huifanya, na huenda mvivu akaamshwa nayo.

Hata hivyo ratiba ina kikomo chake, na sisi tulio majirani wa upande wa pili wa mpaka twakijua. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuipinga sheria ya kuwalazimisha kuingia katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyoyaona mazito. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400 kati yao, na siku hiyohiyo akatangaza kukata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na kila mara naona haki pande zote mbili: mzee aliyechukia kuona wasomi wanadai malipo kwa taifa lililowasomesha, na vijana waliotaka waulizwe kabla ya kuamriwa. Amri huleta mikono. Kwamba moyo utafuata ni bahati, na wapo ambao moyo wao ulifuata na wapo ambao walihesabu siku.

Watu wa Nakivale wanaijua tofauti hiyo kuliko maprofesa. Mkongo mwenye umri wa kutosha anaikumbuka salongo, kazi ya umma aliyoiamrisha Mobutu katika miaka ya 1970, ambapo mtu alifagia barabara kwa hofu ya mjumbe wa chama. Mnyarwanda ameujua umuganda, kazi ya umma ya kwao. Kwa watu kama hao, kijana mwenye fulana ya chuo anayekwatua majani mbele ya kamera si jambo jipya wala la kustaajabisha. Wanachokitazama, nao hukitazama kwa makini na kwa adabu isiyoonyesha, ni kama atarudi pasipo kamera.

Na lipo jambo la Ankole, nchi ilimo Mbarara, na la Kigezi jirani yake, ambalo laiti vyuo vyetu vingeliiga badala ya kutafuta miongozo ya mbali. Kabla magari ya wagonjwa hayajafika milimani huko, na hata baada ya kufika, watu wa kijiji walijiunga katika vyama vya engozi, yaani machela ya kusukwa ambayo kwayo wanaume humbeba mgonjwa mabegani kumfikisha zahanati, au kumrudisha maiti kwao. Ubebaji huo haukutegemea huruma ya siku. Kila nyumba ina zamu, mwenye zamu asipotokea hutozwa faini, na mwenye kutozwa faini hakasiriki, kwa kuwa ajua kesho machela itapita mlangoni kwake. Hiyo ndiyo hali niitakiayo safari ya wanafunzi: itoke katika huruma, ambayo ni mlango mzuri, iingie katika zamu.

Zamu ya nini, na wapi? Nitataja moja ambayo naiona ikilia kila siku, nayo si Nakivale, ni Mbarara penyewe, hatua chache kutoka madarasani. Mgonjwa wa Nakivale ambaye maradhi yake yamevishinda vituo vya makazini hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, ambayo ndiyo hospitali wanamosomea wanafunzi wa uganga wa mji ule. Katika hospitali za umma za Uganda, kama ilivyo katika nyingi za kwetu, mgonjwa hutegemea muuguzaji wake: jamaa anayelala juu ya mkeka ubavuni mwa kitanda, anayepika, anayefua, anayekwenda kununua dawa isiyopatikana dirishani, na ambaye daktari apitapo asubuhi humweleza yeye zaidi ya mgonjwa. Sasa mchukulie mama aliyeletwa kutoka Rubondo na mtoto mmoja mahututi, watoto wengine wameachwa kwa jirani. Hana jamaa mjini, hana sufuria, na wodi nzima yazungumza Runyankore na madaktari Kiingereza, ilhali yeye ana Kiswahili cha Kongo na Kinyabwisha. Dawa ya saa nane huipata. Maelezo ya kwa nini saa nane hayapati. Siku ya kuruhusiwa hukabidhiwa karatasi asiyoweza kuisoma, yenye tarehe ya kurudi asiyoijua.

Hapo mwanafunzi aliyekwenda Nakivale siku moja anaweza kuwa na manufaa kwa miaka yote ya masomo yake, kwa saa mbili za Jumamosi, bila basi la kukodi. Atahitaji kujifunza Kiswahili sawasawa, lugha ambayo Uganda iliipa nafasi ya pili katika katiba mwaka 2005 na ambayo baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 isomeshwe kwa lazima, lakini ambayo kwa wengi wa Ankole bado ina harufu ya askari na vizuizi vya barabarani. Sijui njia bora ya kuiondoa harufu hiyo kuliko kijana kuitumia kumwuliza mama mgeni amelalaje. Atahitaji pia kufunzwa amana ya ukalimani, kwamba kinachosemwa kitandani hakitoki wodini, kwamba hapunguzi wala haongezi, na kwamba yapo mambo ambayo mwanamke aliyetendewa uovu vitani hatayasema kupitia kinywa cha mvulana, na kwa hiyo lazima wawepo wasichana katika zamu. Na walimu wake wa mambo haya wapo: ni wale wajumbe wa afya wa Juru na Rubondo, ambao wamekuwa wakifasiri baina ya mganga na mgonjwa kwa miaka mingi. Yule mama mwenye tepu, alipokuwa akiagana na wanafunzi wale, aliwauliza jambo moja tu: wagonjwa wanaoandikiwa kwenda Mbarara kutoka kijijini kwake, huko mjini wanasemewa na nani? Hakuna aliyejibu. Sijaona kazi iliyogawiwa wazi zaidi ya hiyo.

Sisemi haya katika nyakati za neema. Mwezi Mei 2025 Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba wakimbizi milioni moja nchini Uganda wamekatiwa kabisa msaada wa chakula kwa ukosefu wa fedha, na nchi hiyo ina zaidi ya milioni moja na laki saba wanaoitegemea hifadhi yake. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kwenda watakako, na desturi ya Uganda ya kuwapa ardhi walime imesifiwa ulimwenguni kwa insafu. Ila viwanja vimekuwa vikipungua kila wanapoongezeka watu, na mtu hawezi kuvuna akikosa pa kupanda. Hakuna mwanafunzi atakayeziba pengo la namna hiyo, na atakayeambiwa kwamba aweza kuliziba anadanganywa, kisha atavunjika moyo na kuacha. Kumweleza kijana mapema udogo wa kazi yake ni kumwekea akiba ya kudumu ndani yake.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya Mbarara wasiipige marufuku safari ya Nakivale wala wasiipambe, bali waifungie zamu: kila kikundi kinachokwenda kipokewe na wajumbe wa vijiji, kipangiwe kazi na wao, kirudi na orodha ya mambo waliyoagizwa, na mwaka ukiisha kiikabidhi orodha hiyo kwa wadogo zao mbele ya wajumbe walewale, ili mhitimu aondoke na kazi isiondoke. Wajumbe hao walipwe nauli na mchana wao, maana ni walimu. Nanyi wanafunzi mliokwisha kwenda na kurudi, ambao picha zenu bado ziko simuni, wodi iko ng'ambo ya lango la chuo chenu. Ingieni, mumwulize muuguzi wa zamu kama yupo mgonjwa wa Nakivale asiye na wa kumsemea, na mkiambiwa yupo, rudini Jumamosi inayofuata pia.